Bei ya Maziwa na Haki ya Mwenye Ng'ombe

Imekuwa ada ya watu wa miji yetu ya pwani, kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia, kulalamika juu ya maziwa. Husemwa kwamba maziwa yameadimika, kwamba yamepanda bei, kwamba yametiwa maji, na kwamba wenye ng'ombe wameingiwa na tamaa wakati ambapo watu wanamwelekea Mola wao. Maneno haya husemwa mabarazani na madukani, na mara nyengine husemwa hata juu ya mimbari. Sisi hatukusudii hapa kuwatetea wenye tamaa, kwani tamaa ipo kila penye biashara. Tunalolitaka ni kuuliza suala moja ambalo mlalamikaji haliulizi: ni kitu gani hasa kinachomfanya mwenye ng'ombe akamue maziwa mengi au machache? Na tukishalijua hilo, lawama ya kupungua kwake imwangukie nani?

Tuanze na hiyo Ramadhani yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotutia maneno vinywani. Mwezi wetu hufuata mwandamo, na katika hesabu ya jua hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Ng'ombe hufuata mvua. Mwaka 2024 mfungo uliingia kabla kidogo ya katikati ya Machi, mwaka 2025 ukaingia mwanzo wa Machi, na mwaka 2026 umeangukia Februari. Miezi hiyo kwetu ni mwisho wa kaskazi: jua ni kali, nyasi zimekauka, visima vimeshuka, na ng'ombe anatoa maziwa haba kuliko wakati wowote wa mwaka. Basi katika miaka hii haja yetu kubwa kabisa ya maziwa imekutana na uhaba mkubwa kabisa wa nyasi. Mzunguko huu hutimia kwa miaka kama 33, na kuna miaka ambayo mfungo utaangukia baada ya masika, majani yakiwa tele, na hapo tutasema kwamba wafugaji wa siku hizo ni watu wema. Hatusemi kuwa kila kupanda kwa bei kunatokana na jua. Twasema kwamba mtu asiyejua mwezi gani nyasi huota hana haki ya kutoa hukumu juu ya nia ya mwenye ng'ombe.

Jambo la pili linalowapita watu wa mjini ni muda. Mwenye duka la nguo akiona bei imepanda leo, hutoa majora ghalani kesho. Mwenye ng'ombe hana ghala. Ng'ombe hubeba mimba kwa muda wa miezi tisa, na mtamba hazai ndama wake wa kwanza kabla ya umri wa miaka miwili, na kwa wafugaji wetu wadogo mara nyingi hukaribia mitatu. Akishazaa, maziwa hupanda kwa wiki kama sita mpaka nane, kisha hushuka polepole kwa miezi iliyobaki mpaka akaushwe, apumzike kwa muda wa miezi miwili, azae tena. Akinyimwa chakula katika zile wiki za kupanda, hasara yake haifidiwi kwa kumshibisha baadaye. Itabidi kungojea uzazi mwengine. Kwa hivyo maziwa tunayoyanywa leo yaliamuliwa zamani: yaliamuliwa siku ile mfugaji alipopiga hesabu, miaka miwili au mitatu nyuma, kama yafaa kumlea mtamba au kumuuza kwa mchinjaji. Anayevunja bei mwaka huu hatoyaona matokeo ya kazi yake mwaka huu. Atayaona baada ya watu kusahau kwamba yeye ndiye aliyeivunja.

Na chakula chenyewe kina hesabu ambayo yafaa kila mnywaji chai aijue. Ng'ombe hula kwanza kwa ajili ya mwili wake, ili aishi na asimame. Maziwa hutoka katika kile kinachozidi. Kwa sababu hii, mfugaji anayepunguza chakula kwa theluthi moja hapunguzi maziwa kwa theluthi moja. Aweza kuyapunguza kwa nusu au zaidi, kwani ile theluthi aliyoiondoa ndiyo iliyokuwa ikigeuka maziwa. Hali kadhalika maji. Katika kila sehemu 100 za maziwa, kama 87 ni maji, na ng'ombe anayekamwa huhitaji kunywa lita kadhaa kwa kila lita moja anayoitoa. Pahali ambapo maji huteswa kwa mitungi na kununuliwa kwa shilingi, maji ya kunywesha ng'ombe nayo ni gharama. (Anayetia maji ndani ya maziwa baada ya kukamua ameichagua njia ya mkato, nasi tutamrudia.)

Tuchukue mfano wa hesabu ili jambo lifahamike. Tuseme kilo moja ya chakula cha kununua, yaani pumba zilizochanganywa na mashudu na mahindi, ni shilingi 40, na kilo hiyo ikizidishwa juu ya majani humpa mfugaji lita moja na nusu zaidi. Akilipwa shilingi 50 kwa lita, atapata 75 na kubakiwa na 35. Akilipwa 30, atapata 45 na kubakiwa na 5, na hapo hajahesabu mkono wa mkamuaji wala miguu ya aliyeyabeba maziwa mpaka barabarani. Akilipwa 25, amepoteza. Mtu huyu akiacha kununua pumba hajatukasirikia wala hajatuadhibu. Amefanya hesabu ambayo kila mwenye akili angeifanya. Na hesabu hiyo hugeuka pia kwa upande wa pili, bei ya maziwa ikikaa pale pale na bei ya pumba ikapanda. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022, pale ukame wa misimu mfululizo isiyo na mvua ulipokutana na vita vya Urusi na Ukraine, nafaka na mbolea zikapanda bei duniani kote, na chakula cha mifugo nchini kikapanda pamoja nazo.

Lakini si kila mfugaji hupunguza bei inaposhuka, na hapa ndipo suala hili linapotoka katika hesabu na kuingia katika dhamiri. Yuko mfugaji ambaye karo ya watoto na deni la duka havishuki pamoja na bei ya maziwa. Huyu, akilipwa kidogo, huuza zaidi. Atayatoa wapi hayo ya kuzidisha? Atayatoa katika mdomo wa ndama, naye ndama atadhoofika na maziwa ya miaka ijayo yatapungua. Na atayatoa katika kikombe cha watoto wake. Lita iliyokuwa ikibaki nyumbani itakwenda barabarani. Mjini tutaona maziwa ni mengi na bei ni nafuu, tutashukuru, wala hatutojua kwamba yale yaliyotufikia yametoka kwa mtoto aliyekuwa akiyanywa. Twauliza: je, bei hiyo ni halali kwetu? Kwa dhahiri ya sheria ni halali, maadamu muuzaji ameridhia na mnunuzi ameridhia. Lakini wanavyuoni hawakulichukulia neno kuridhia kijuujuu, na aliyebanwa na haja hana ridhaa sawa na ya mwenye wasaa.

Kuna katazo moja katika fiqhi ya biashara ambalo twalisoma tangu utotoni na ambalo twaliona lina uzito mkubwa katika jambo hili. Nalo ni katazo la kuwatokea njiani wenye kuleta bidhaa kutoka bara, na kuzinunua kabla hawajaingia mjini wakaijua bei ya soko. Wengi hulitaja katazo hili kana kwamba limewekwa kwa manufaa ya watu wa mjini, wasije wakauziwa ghali na walanguzi. Manufaa hayo yamo. Lakini tazama hukumu inayolifuata: muuzaji akishafika sokoni akaona amepunjwa, madhehebu yetu ya Shafi yampa hiari ya kuivunja biashara ile. Hiari hiyo amepewa nani? Amepewa mtu wa bara, mleta mali, aliyedanganywa kwa kutojua. Sheria ilimtazama yule mgeni wa soko, mwenye mzigo usioweza kungoja, ikaona kwamba udhaifu wake si fursa ya wengine.

Na hapana mzigo usioweza kungoja kama maziwa. Mwenye mahindi aweza kuyaweka, mwenye nazi aweza kuzikausha akauza mbata, mwenye mbuzi aweza kumrudisha nyumbani. Maziwa mabichi katika joto la pwani yataharibika kwa saa chache. Mchuuzi ajua hivyo, mwenye kiwanda ajua hivyo, na mfugaji ajua kwamba wote wanajua. Anakamua mara mbili kwa siku, apende asipende, kwani ng'ombe asiyekamwa huumia kiwele na maziwa yake hukauka. Ndiyo maana pahali pengi gari hupita asubuhi tu, na maziwa ya jioni hayana mnunuzi. Nusu ya siku ya ng'ombe haina soko! Penye kituo cha kupozea maziwa karibu, maziwa ya jioni hupata thamani, na mfugaji huona faida ya kumlisha ng'ombe wake mchana. Pasipo na kituo, atamlisha kwa kiasi cha maziwa ya asubuhi. Katika sehemu za bara yapo pia mazoea kwamba maziwa ya asubuhi hupelekwa kwa ushirika, na fedha zake huandikwa kwa jina la mume, ilhali ya jioni huuzwa na mke kwa jirani ili apate fedha za chumvi na sabuni. Nani anayekata majani na kuteka maji? Mara nyingi ni huyo mke. Wanaoshangaa kwa nini ng'ombe wa nyumba fulani hatoi maziwa mengi wangeuliza fedha zake zinaingia mfuko gani.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko kima cha bei, nalo ni kulipa kwa wakati. Historia ya nchi yetu yatupa ushahidi. Shirika la KCC lilianzishwa na walowezi mwaka 1925, na kwa miaka mingi maziwa ya biashara yalikuwa ni mali yao. Mwafrika mwenye shamba dogo alifunguliwa mlango wa kufuga ng'ombe wa kigeni kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Baada ya uhuru wafugaji wadogo waliongezeka mpaka wakawa ndio wenye sehemu kubwa ya maziwa ya Kenya, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo, katika nchi ambayo maziwa yake ni takriban lita bilioni 5 kwa mwaka. Bei ilikuwa ikipangwa na Serikali. Mwaka 1992 upangaji huo ukaondolewa na soko likaachwa huru. Watu wengine husema kwamba hapo ndipo mambo yalipoharibika kwa sababu bei ilikosa mwenyewe. Sisi twaona haikuwa bei peke yake. Katika miaka ile ya 1990 KCC iliingia katika madeni na uongozi mbaya, na wafugaji wakakaa miezi bila ya kulipwa maziwa waliyokwisha kuyapeleka. Bei iliyoandikwa katika daftari ilikuwepo, fedha hazikuwepo.

Wafugaji walifanya nini? Wako waliouza ng'ombe, wako walioacha kununua pumba, na wengi waligeukia wachuuzi, waliokuja kwa baiskeli na mitungi na kulipa mkono kwa mkono. Mamlaka iliwaita wachuuzi hao watu wasiofuata kanuni, na katika usafi wa maziwa hoja hiyo ilikuwa na msingi. Lakini mchuuzi alikuwa na sifa moja iliyozidi viwanda vyote: alilipa. Mwaka 2000 shirika likauzwa, mwaka 2003 Serikali ikalirudisha mikononi mwake na kuliita New KCC, malipo yakaanza kutoka, na maziwa yanayopokelewa viwandani yakapanda tena. Ng'ombe wa nchi hawakubadilika kwa usiku mmoja, wala mvua. Lililobadilika ni kwamba mtu aliyepeleka maziwa aliweza kutumaini kuziona fedha zake.

Kwa hivyo anayechelewesha malipo ya mfugaji, naye anao uwezo wa kulipa, hakuchelewesha fedha za maziwa yaliyopita tu. Amezuia pumba za mwezi ujao, na dawa ya kupe, na mtamba ambaye angelelewa. Wanavyuoni wamelihesabu jambo la mwenye uwezo kuakhirisha deni kuwa ni dhuluma. Nasi twalitaja hapa kwa sababu deni la maziwa mjini kwetu halihesabiwi kuwa ni deni. Mwenye mkahawa huchukua lita zake kila alfajiri, na muuzaji akiomba fedha huambiwa, “Njoo Jumamosi,” na Jumamosi huambiwa, “Biashara mbovu, mzee, njoo mwisho wa mwezi.” Mtu huyu huyu hataki hata siku moja kulala na deni la kodi ya duka, kwa kuwa mwenye nyumba aweza kumfungia mlango. Muuza maziwa hana mlango wa kufunga.

Huenda mtu akatuuliza: je, basi mtawala na apange bei ili amnusuru mfugaji? Suala hili ni la zamani. Bei zilipanda Madina katika zama za Mtume (S.A.W.), watu wakamwomba awapangie, naye hakuwapangia, akichelea asije akakutana na Mola wake na mtu ana dai la dhuluma juu yake. Kwa ajili hiyo wanavyuoni wengi wa Kishafi walimkataza mtawala asipange bei. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alipambanua: penye soko la haki bei iachwe, lakini pale watu wachache wanapolishika soko na kuwadhulumu wengine, kuwalazimisha bei ya haki si dhuluma bali ni kuiondoa dhuluma. Maziwa, kwa vile hayangoji, ni bidhaa ambayo wanunuzi wachache huweza kulishika soko lake kwa urahisi. Mwaka 2024 Serikali yetu ilitangaza kwamba kiwanda chake kiwalipe wafugaji si chini ya shilingi 50 kwa lita. Twaliona ni jambo jema kwa aliye karibu na kiwanda, lakini sehemu kubwa ya maziwa ya nchi hii huuzwa mabichi nje ya viwanda, na bei hiyo haiwafikii wauzaji wake ila kwa mbali.

Na bei ya juu mno nayo ina fitina yake. Mataifa ya Ulaya yaliwahakikishia wafugaji wao bei nzuri bila ya kikomo, nao wakakamua mpaka siagi na maziwa ya unga yakajaa maghala bila ya mnywaji. Mwaka 1984 ikabidi kila mfugaji awekewe kiwango asikipite, na viwango hivyo viliondolewa mwaka 2015. Pale umma ulilipa kwa kodi zao ili kutoa vitu visivyohitajiwa na mtu. Hatutaki tufike huko, na kwa hali yetu ilivyo hofu hiyo iko mbali.

Twaona mfano ulio karibu zaidi na sisi ni ule wa Gujarati, nchi ambayo majahazi yake yaliingia bandari zetu kwa karne nyingi na ambayo wengi wetu tuna jamaa na majirani wenye asili ya huko. Katika wilaya ya Kaira, karibu na mji wa Anand, wafugaji wadogo wenye nyati mmoja au wawili walikuwa wakiuza maziwa kwa kampuni moja iliyopewa haki ya peke yake ya kuyapeleka Bombay. Mnunuzi alikuwa mmoja, na bei ilikuwa ni neno lake. Mwaka 1946 wakaligoma soko: kwa siku 15 hawakumuuzia mtu maziwa, wakakubali hasara ya kila tone. Hapo likazaliwa shirika lao la ushirika, ambalo watu walikuja kulijua kwa jina la Amul. Kijiji kwa kijiji waliweka vituo, maziwa yakapokewa asubuhi na jioni, yakapimwa mafuta yake mbele ya mwenyewe, na malipo yakatoka bila ya kucheleweshwa.

Tazama hilo la kupima, kwani ndipo tunapomrudia yule mtia maji. Kila mmoja wetu akijua kisa cha binti aliyekataa kuyatia maji maziwa ya mamake katika zama za Sayyidna Umar, na huelezwa watoto vyuoni, na ni kisa kizuri. Lakini wauza maziwa wote hawawezi kuwa yule binti, na soko halifai kujengwa juu ya matumaini kwamba watakuwa. Pahali ambapo maziwa hununuliwa kwa ujazo tu, maji hulipwa bei moja na maziwa, na mkweli hupata hasara kila siku mbele ya mwongo mpaka achoke. Soko la namna hiyo huwafundisha watu uongo. Kinapoletwa kipimo, maji hayana thamani tena, na mkweli hulipwa kwa ukweli wake. Tena huona faida ya kumlisha vizuri mnyama wake. Kipimo cha kuelea cha kujua uzito wa maziwa si kitu cha ghali, nasi twastaajabu kwamba mikahawa inayonunua madumu kwa madumu haina hata kimoja, ilhali wenyewe hawaishi kulalamika juu ya maji.

Jambo jengine la Gujarati ni hili. Mataifa ya Ulaya, pamoja na lile rundo lao, yaliipa India maziwa ya unga na mafuta ya siagi kama sadaka. Zingegawiwa bure mijini, bei ingeanguka na mfugaji wa Kihindi angeuza nyati wake. Verghese Kurien, aliyeongoza kazi hiyo tangu mwaka 1970, alizigeuza zawadi zile ziwe maziwa na kuyauza kwa bei isiyoivunja ya mfugaji, na fedha zake zikajenga vyama vya ushirika nchi nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1990 India ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza duniani kwa wingi wa maziwa.

Tunalitaja hili kwa ajili ya hoja yenye nguvu kuliko zote zinazotolewa dhidi yetu, nayo ni hoja ya maskini wa mjini. Husemwa: mama mwenye watoto watano Majengo au Kisauni hana uwezo wa kununua lita moja, nanyi mwataka bei ipande? Hoja hii haipuuzwi. Mtoto wa mjini ana haki ya maziwa kama mtoto wa shamba. Lakini tunauliza, nani atoe? Anayetaka maziwa yawe rahisi kwa kumbana mfugaji ametoa sadaka kwa mali isiyokuwa yake. Mwaka 1979 Serikali ilianza kuwapa watoto wa shule za msingi maziwa bure, yale yaliyoitwa ya Nyayo, na wengi wa umri wetu tuliyanywa. Mzigo ulikuwa juu ya hazina ya wote, mtoto akanywa, na mfugaji akapata soko kubwa kuliko alilokuwa nalo. Mpango ule ulififia katika miaka ya 1990, lakini njia yenyewe ilikuwa sawa, na wenye zaka na sadaka miongoni mwetu wanaweza kuifuata kwa kiasi chao: kuyanunua maziwa kwa bei ya haki na kuyapeleka vyuoni.

Na hapa kwetu pwani, ambapo pana joto, kupe na mbung'o, ng'ombe wa kigeni hufa upesi kwa ndigana akikosa dawa, na kwa hivyo kila lita ina gharama kuliko ile ya Nyandarua. Sehemu kubwa ya maziwa tunayoyanywa husafiri kutoka bara, na nauli yake na karatasi zake twazilipa. Wako hata hivyo wafugaji Kilifi na Kwale wanaofunga ng'ombe mmoja au wawili chini ya minazi. Mshindani wao mkubwa si mfugaji wa bara. Ni bei ya kiwanja. Mtu akiuziwa ahadi za mwisho wa mwezi kwa maziwa yake, kisha akaja mnunuzi wa ardhi na fedha taslimu, ni rahisi kujua shamba lile litakuwa nini.

Twapendekeza kwamba wenye mikahawa, na kamati za misikiti zinazotayarisha futari, wafanye mapatano na wafugaji wa karibu kwa mwaka mzima: kiasi kijulikane, bei ijulikane, kipimo kiwepo, na malipo yawe kila wiki. Mnunuzi akubali kutoikimbia bei hiyo wakati wa masika, pale mchuuzi mwengine atakapompitia na maziwa ya nusu ya bei. Na mfugaji akubali kutoipandisha wakati wa kaskazi, pale atakapopata wa kumpa zaidi. Kila upande utapata msimu wa kushawishika. Na mazungumzo hayo yaanze mwezi wa Mei, nyasi zikiwa nyingi na mfugaji akiwa na hofu ya kukosa soko, yasingojee siku ya kuandama mwezi.